Wageni Wakishuka, Mlima Ni wa Nani?

Zamani mtu wa Pwani akipanda bara, sababu zake zilikuwa zajulikana: kazi, kesi, au msiba. Hakuna aliyefunga mizigo akenda Nairobi na viunga vyake kwa ajili ya kupumzika, maana mapumziko yalikuwa huku huku kwetu, barazani, kusi ikivuma na kahawa ikizunguka. Leo mambo yamegeuka. Skuli zikifungwa mwezi wa Agosti utawaona jamaa wa Mombasa na Malindi wamejaa stesheni ya Miritini, bibi na wajukuu, kapu la mahamri mkononi, waenda "kubadili hewa" kwa watoto wao walioajiriwa bara. Na katika mahali panaposifiwa sana kwa hewa ni Ngong, katika kaunti ya Kajiado, ambako reli mpya imefika tangu Oktoba 2019 ikipita chini ya milima kwa handaki la kilomita nne na nusu.

Wako wanaocheka. Husema kuwa likizo ya mlimani ni ada ya Wazungu, na sisi watu wa bahari tuna haja gani na vilima vya watu? Hilo si kweli hata kidogo. Kila aliyepita chuoni aijua Sura ya Quraishi, ambayo watoto huihifadhi miezi ya mwanzo tu, nayo yataja safari mbili za mwaka, ya kipupwe na ya kiangazi. Hizo zilikuwa za biashara, nakubali. Lakini itazame Taif. Mji huo uko juu ya milima, una zabibu na mawaridi, na watu wa Makka wenye uwezo walikuwa na mabustani yao huko hata kabla ya Uislamu. Aliyesoma Sira akumbuka kuwa bustani aliyojisitiri ndani yake Mtume (s.a.w.), siku alipopigwa mawe na watu wa Taif, ilikuwa mali ya Utba na Shaiba wana wa Rabia, nao ni watu wa Makka. Na hata leo ndugu zetu walioko Oman, jua la Julai likiwachoma Maskati, hukimbilia Jabal Akhdar penye makomamanga, au huenda Salala wakati wa kharifu, manyunyu yakiwa yameigeuza milima kuwa kijani kitupu.

Basi kama twaruhusiwa kupenda mlima, hilo si swali. Swali langu ni jingine, nalo nililiokota mbali.

Kiangazi kimoja nilikuwa Geneva, nchi ya Uswisi, kwa shughuli za uandishi. Mwenyeji wangu, kijana wa Kiunguja aliyeoa na kukaa huko, akaniambia, "Ami, huondoki bila ya kuuona mlima." Akanipandisha Verbier. Huo ni mji wa watu wasemao Kifaransa, katika jimbo la Valais, umejengwa kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, na umaarufu wake ni theluji. Kuanzia Desemba hata Aprili matajiri wa dunia hujazana pale, wakateleza mtelemkoni na mbao mbili miguuni, na vigari vinavyoning'inia kwenye waya vikawarudisha juu ili wateleze tena. Msomaji asidhani mchezo huo ni wa wengine tu. Mwaka 1998 Philip Boit aliiwakilisha Kenya katika theluji ya Nagano, Ujapani. Alifika wa mwisho, na Mnorwe aliyeshinda, Bjørn Dæhlie, akamngoja mstarini amkumbatie. Na mwaka 2018, kule Korea ya Kusini, aliyetelemka kwa jina letu alikuwa binti mzaliwa wa Kilifi, Sabrina Simader. Kilifi, wallahi!

Lakini mimi nilifika Julai, na Julai mji ule hauna theluji. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kuwa nilihisi napajua. Nyumba safu kwa safu zimefungwa madirisha, maduka ya viatu vya theluji yana kufuli, njia nyingine hazina mtu. Ilikuwa ni Malindi ya mwezi wa Mei. Yeyote aliyefanya kazi ya hoteli ajua nisemalo: masika yameingia, Mtaliano amerudi kwao, mpishi na mtandika vitanda wameambiwa wakae nyumbani mpaka wageni warejee, na mwenye duka la vinyago anapiga miayo.

Ila Verbier haikulala moja kwa moja. Wana tamasha la muziki wa kizungu, lililoanzishwa 1994, ambalo huwaleta wapiga fidla na piano kutoka pembe zote za dunia katika msimu ambao mji ungekuwa mtupu. Watu wengine hupanda kwa miguu, vijiti mkononi, siku nzima, kwa kuwa huko siku ni ndefu mno. Maghribi yaingia baada ya saa tatu za usiku, na Isha tuliisali saa tano imekwishapita. Na juu ya muziki na watembezi kuna ng'ombe.

Hapo ndipo nilipokaa kitako. Ng'ombe wa huko, wa jamii iitwayo Hérens, ni weusi, wafupi, wenye vifua vipana, na majike yao yana tabia ya kupigana yakutanapo malishoni, ili ijulikane nani kiongozi. Wenyeji wameifanya shughuli kubwa: huwakutanisha uwanjani, watu wakaja kutazama, na jike lililoshinda likaitwa malkia. Nilikumbuka mchezo wa ng'ombe wa Pemba, ambao husemwa kuwa tuliachiwa na Wareno. Tofauti ni kuwa Pemba dume hupambana na mtu, na kule jike hupambana na mwenzake, mtu akakaa pembeni na fimbo yake. Mnamo Juni ng'ombe hao hupandishwa malisho ya juu, na mwisho wa Septemba hushushwa, wengine wamevishwa maua vichwani na makengele shingoni. Huko juu hukamuliwa, na maziwa hugeuzwa jibini papo hapo. (Mwenye shaka na kile kinachogandisha jibini amwulize sheikh wake, mlango huo wa fiqhi ni mpana, na ukurasa huu ni mwembamba.) Jioni wakirudi zizini, kengele zote zikilia kwa pamoja, nilielewa kwa nini katika Sura ya Nahli Mola ameutaja uzuri wa wanyama warudishwapo jioni na watolewapo asubuhi. Aya hiyo niliisoma utotoni, na huku kwetu tumezungukwa na minazi. Ng'ombe niliowajua walikuwa wawili, wa jirani.

Sasa, msomaji, lishike hili, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mtelemko ule anaotelezea tajiri mwezi wa Januari ndio malisho ya ng'ombe mwezi wa Julai. Ni ardhi moja. Na vitu hivyo viwili havikukutana kwa bahati tu. Majani yakiliwa na kubaki mafupi, theluji hupata pa kushika. Yakiachwa marefu hulala chini kama nywele zilizopakwa mafuta, na theluji hupata utelezi ikaporomoka. Pasipolishwa miaka mingi, vichaka hurudi na njia hufungwa. Kwa hiyo yule mchungaji mwenye viatu vya matope, ambaye mgeni wa Desemba hamwoni hata siku moja, ndiye aliyemtandikia kitanda.

Na mchungaji yule ana mahali pake katika kanuni. Malisho mengi ya juu katika Valais si ya mtu mmoja. Ni ya kijiji, au ya ushirika wa wafugaji, na taratibu zao ni za tangu mababu. Katika kijiji cha Törbel, upande wa Valais wasemao Kijerumani, kanuni iliyoandikwa 1517 yasema kuwa mtu haruhusiwi kupandisha mlimani ng'ombe wengi kuliko awezao kuwalisha nyumbani kipupwe chote. Marehemu Bibi Elinor Ostrom, mtaalamu wa Marekani aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliitumia habari ya Törbel kuwajibu wale wadaio kuwa mali ya wote mwisho wake ni kuharibika. Haiharibiki ikiwa wenyewe wanajuana na wameandikiana masharti.

Sisemi kuwa watu hao ni malaika. Upande wa pili wa mpaka, katika Savoie ya Ufaransa, kuna Tignes, mji mwingine wa theluji. Kijiji cha asili cha Tignes kimo chini ya maji tangu 1952. Serikali ilijenga bwawa la umeme, wanavijiji wakapinga, wakatolewa, hata makaburi yao yakahamishwa. Kisha juu yake, kwenye mita 2,100, ukajengwa mji wa wageni. Zamani wageni hao walikuwa wakiteleza mwaka mzima, hata kiangazi, juu ya barafu ya kilele. Sasa barafu yenyewe inakwisha mwaka hata mwaka. Na maradhi mengine ya milima hiyo ni nyumba za matajiri zikaazo tupu miezi kumi. Wenyewe Wafaransa huviita vitanda vya humo "vitanda baridi". Kijana wa pale akitaka kuoa hapati pa kupanga, kwa kuwa bei imewekwa na mtu wa London. Waswisi walipoona hali imewashinda wakapiga kura ya wananchi wote, Machi 2012, wakaamua kuwa nyumba za namna hiyo zisizidi asilimia ishirini katika mji wowote. Wenye kujenga walilalamika sana, na sheria ikapita.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipokwenda Ngong na wajukuu.

Kilele cha Ngong kina mita 2,460, yaani kiko karibu elfu moja juu ya mji wa Verbier, na theluji hapana, kwa kuwa istiwai i karibu. Ajabu yake ni kuwa wakati ule ule ambapo Ulaya ni kiangazi, Ngong ni ukungu na baridi. Watu wangu waliotoka Kisauni na fulana walinunua makoti siku ya kwanza. Jina, kama wasemavyo wengi, latokana na Kimasai, Enkong'u e Muny, jicho la kifaru; na jicho katika lugha hiyo ni chemchemi pia. Njiani, kabla ya kufika mjini, kuna mahali paitwapo Bulbul, na mshairi wa Pwani hawezi kupita hapo bila ya kutabasamu. Juu ya mgongo wa milima yamesimama mapangaboi makubwa ya umeme. Mawili ya mwanzo yalitolewa na Ubelgiji mwaka 1993, na leo mitambo yote pamoja ina nguvu ya megawati 25.5. Ukiwa chini yake husikii neno la mwenzako.

Wageni wa Ulaya huja Ngong kwa sababu ya kitabu. Karen Blixen, bibi wa Kidenmaki aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya milima hiyo hadi 1931, alikichapisha mwaka 1937, na filamu ya 1985 ikamaliza kazi. Kwenye mtelemko kuna kaburi la rafiki yake Denys Finch Hatton, aliyeanguka na ndege yake Voi mwaka huo wa 1931. Sina neno na kitabu. Ila humo ndani mna Farah Aden, Msomali, Muislamu, msimamizi wa nyumba yake, na ningependa wasomaji wetu wamtazame yeye kwa makini zaidi kuliko wanavyowatazama simba. Na kabla ya kahawa, na kabla ya kitabu, milima ilikuwa na watu.

Mmoja wao tulimkuta juu. Tulikuwa tumepita vilima vitatu, pumzi zimetuishia, tukaona ng'ombe kama arubaini na mzee wa Kimasai amejitanda shuka, fimbo begani. Tukaamkiana. Akaniuliza, "Mzee mwenzangu, mnakwenda wapi?"

Nikamwambia, "Twapanda tu, kisha twashuka."

"Na ng'ombe wenu mmewaacha na nani?"

Nilipomweleza kuwa sina ng'ombe, mimi ni mtu wa bahari, alinitazama kwa huruma, vile tumtazamavyo sisi mtu mzima asiyejua kuogelea. Kisha akanyosha fimbo upande wa Kiserian, na mbali zaidi upande wa Kitengela, ambako mabati yalikuwa yakimeta mpaka macho yakakoma. Akasema kuwa ujanani mwake, ukame ukizidi, aliswaga mifugo huko kwa siku kadhaa bila ya kukuta ua hata mmoja. "Sasa kila hatua ni lango," akasema, "na kila lango lina mbwa."

Jinsi malango hayo yalivyozaliwa si siri. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwatoa Wamasai katika sehemu bora za Bonde la Ufa na Laikipia. Baada ya Uhuru, sheria ya 1968 ikaleta ranchi za pamoja, na Kajiado ikawa nazo nyingi: ardhi moja, jina la jumuiya, malisho ya wote. Jambo hilo halikuwa mbali na lile la Valais, lau lingeachwa likomae kwa kanuni za wenyewe. Lakini tangu miaka ya 1980 ranchi zikaanza kukatwa vipande, kila mtu na cheti chake, na cheti huuzika upesi kuliko ng'ombe. Kitengela, tambarare ambayo nyumbu na punda milia wa Hifadhi ya Nairobi (iliyoanzishwa 1946) walikuwa wakiifuata wakati wa mvua, ikageuka mji. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa huko kwa kila ekari, ili wasizungushe ua wala wasiuze. Ni mpango mzuri, nao waonyesha kuwa dawa yajulikana. Lakini malipo ya malisho hayawezi kushindana na bei ya ploti. Kisha ukaja ukame wa 2020 hadi 2023, mifugo ikafa kwa maelfu, na mfugaji aliyezoea kuhama hakuwa na pa kuhamia.

Mtu ataniambia, "Si Mmasai mwenyewe ndiye aliyeuza?" Ndiye. Lakini wanazuoni wetu wana mlango mzima kuhusu mauziano ya mtu aliyedharurika, na walioandika mlango huo hawakuona kuwa sahihi yake peke yake yatosha kumfanya mnunuzi alale usingizi.

Kwa hiyo nikisikia watu wakitamani Ngong ipambwe "kama Ulaya", hoteli kileleni, mikahawa, vigari vya waya, mimi huuliza: Ulaya ipi? Wanachotaka kukinakili ni Desemba ya Verbier, siku za fedha na taa. Julai yake hawajaiona. Hawajaona kuwa chini ya kila pesa ya mgeni kuna ng'ombe mwenye haki ya kupita, na chini ya ng'ombe kuna kanuni iliyoandikwa. Rai yangu ni kuwa kabla ya jiwe la kwanza la hoteli kuwekwa juu ya mgongo ule, iandikwe waziwazi ng'ombe watapita wapi, watanywa wapi, na sehemu gani ya ada inayolipwa na wapandaji langoni itawarudia wafugaji wa pale. Anayeona kuwa masharti hayo yatamfukuza mwekezaji, basi mwekezaji huyo alitaka mlima mtupu, na mlima mtupu hudumu miaka michache tu kabla haujawa kichaka cha wezi au shamba la mabati.

Mbona mtu wa Pwani ajisumbue na haya? Kwa sababu mzigo huu twaujua begani. Tazama Shela, pale Lamu. Nyumba nzuri za matumbawe zimenunuliwa na wageni moja baada ya moja, zikatengenezwa vizuri mno, hilo silikatai, na nyingi hukaa kimya sehemu kubwa ya mwaka. Vitanda baridi katika nchi ya joto. Waliouza wamejenga nyuma, mbali na maji. Na ufuoni, kuanzia kusini ya Mombasa hadi Watamu, mvuvi azoeaye kupita na nyavu zake hukuta ukuta mahali palipokuwa na njia, na mlinzi, mara nyingi mtoto wa mtaani mwake, akamwuliza anakwenda wapi. Ni swali lile lile la mzee wa Ngong, ila hili halina upole.

Lakini Lamu hiyo hiyo inalo jibu jingine. Ukiingia mwezi wa Maulidi, watu humiminika kutoka Visiwani, Tanga, Mambrui, hata ng'ambo, kwa ajili ya Msikiti wa Riyadha na urithi wa Habib Swaleh. Mwezi huo hufuata hilali; haujali masika wala kiangazi, na huweza kuangukia wakati ambao hakuna hata mtalii mmoja. Mji hujaa kuliko siku yoyote ya watalii, watu wakalala majumbani, varandani, misikitini, na mwenyeji hahamishwi apishe mgeni. Mwenyeji ndiye mwenye karamu. Wageni wakishuka jahazini kurudi kwao, mji umebaki na wenyewe.

Atakayekwenda Ngong likizo hii aende, hewa yake ni dawa. Achukue sweta, hata akiambiwa ni kiangazi. Alipe langoni, apande na watu wenye kuijua njia, na akirudi Kiserian anunue maziwa kwa mama wa Kimasai wauzao kando ya barabara badala ya kutoka nayo kwenye pakiti Nairobi. Malango ya waya atakayoyakuta malishoni ayafunge nyuma yake kama alivyoyakuta. Na likija kundi la ng'ombe, awashike watoto mkono, wasimame kando ya njia mpaka lipite.